Seklipu ya fainali draivu: pima mfereji kabla ya kuagiza pete

Kijiko cha tani 20 kinaweza kulala wiki nzima porini Masasi au Nachingwea kwa sababu ya pete ya chuma yenye unene wa milimita 2. Pete hiyo ni seklipu. Mafundi wengine huiita loki, wengine snapu ringi. Kazi yake ni moja: kuzuia beringi, gia au sahani ya klachi isihame mahali pake. Ikiruka, gia inatembea, inakula hausingi, na vipande vinasagwa katikati ya planetari, yaani gia ndogo zinazozunguka gia ya kati.

Mazoea ya wengi ni kununua pete mpya na kuivisha kwenye mfereji uleule, yaani mkato wa shafti au tundu ambamo pete hukaa. Kwa kawaida pete haifi peke yake. Inauawa na mfereji uliolika, na beringi inayosukuma kuliko inavyotakiwa, au na plaizi iliyoipanua mno siku ya kuvishwa. Hatua zinazofuata ni za fainali draivu ya kijiko cha minyororo, yaani giaboksi ya mwisho inayozungusha mnyororo, ila vipimo vyake vinafaa pia giaboksi ya greda na shafti za shovo. Loki ya rimu ya tairi ni kitu kingine kabisa, yenye hatari yake. Usiichanganye na hii.

Hatua ya 1: Zuia mashine isitembee

Egesha mahali tambarare, plagi moja ya kifuniko cha fainali draivu ikiwa chini kabisa kwa ajili ya Hatua ya 2, teremsha ndoo na bledi hadi ziguse ardhi, zima injini, kisha weka vizuizi mbele na nyuma ya minyororo yote miwili. Hapa wengi hujidanganya. Breki ya maegesho ya kijiko iko kwenye mota ya kutembeza, na inashika sproketi (gurudumu la meno linalovuta mnyororo) kwa kupitia gia zilizo ndani ya fainali draivu. Ukichomoa gia ya kati, upande huo hauna breki tena, hata kama mota haijaguswa. Kwenye miteremko ya Newala au Kitangari hilo linatosha kuiondoa mashine juu ya vizuizi vya mawe madogo. Tumia magogo mazito.

Hatua ya 2: Mwaga oili na uichunguze

Hakikisha ile plagi ya kifuniko uliyoiweka chini wakati wa kuegesha iko chini kabisa, mahali pa namba 6 kwenye saa ya ukutani. Acha oili ipoe. Legeza kwanza plagi ya juu polepole, ukiwa umesimama pembeni, kwa sababu ndani huwa na shinikizo. Mwagia kwenye beseni safi, siyo kwenye shimo la mchanga, maana unataka kuona kilichomo.

Unga laini wa kijivu ni uchakavu wa kawaida. Vipande vyembamba, bapa, vyenye pinde ya duara ni seklipu. Vipande vinene vyenye kona ni meno ya gia au vipande vya beringi, na hapo kazi imekuwa kubwa kuliko pete. Oili nyeupe kama maziwa imeingia maji. Ukanda wa pwani kuanzia Kilwa hadi Mtwara huleta na chumvi.

Hatua ya 3: Toa pete ya zamani na uhesabu vipande

Vaa miwani ya kinga. Pete inayoruka kwenye plaizi huenda moja kwa moja usoni, na huduma ya macho haipatikani kila wilaya.

Chagua plaizi kwa kipenyo cha ncha. Kwa shafti za mm 19 hadi 60 ncha za mm 1.8 zinatosha, mm 40 hadi 100 tumia za 2.3, mm 85 hadi 140 za 3.2. Ncha nyembamba kwenye pete nene hupinda, kisha huchomoka ghafla. Bisibisi mbili na nyundo zitaitoa pete, kweli, lakini zitaacha mikwaruzo kwenye ukingo wa mfereji, na ukingo huo ndio unaobeba mzigo wote.

Kama pete imevunjika, panga vipande vyake juu ya kitambaa mpaka viunde duara zima. Kikikosekana kimoja hata cha urefu wa kucha, usifunge. Osha keria (fremu inayobeba gia za planetari) kwa dizeli, pitisha sumaku kwenye hausingi, angalia chini ya beringi za planetari. Kipande kilichobaki ndani kitaingia kati ya meno, na gia zigumu hazitafuni chuma cha springi, zinavunjika zenyewe.

Hatua ya 4: Pima mfereji

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Safisha mfereji kwa brashi ya waya na dizeli, kausha, kisha pima vitu vitatu kwa venia (kipimo cha taya cha vernier): kipenyo cha shafti, kipenyo cha kitako cha mfereji (sehemu yake ya chini), na upana wa mfereji.

Pete nyingi zisizo za muundo maalumu wa mtengenezaji hufuata viwango vya Kijerumani: DIN 471 kwa pete za nje ya shafti, DIN 472 kwa pete za ndani ya tundu. Vipimo vya mfereji mpya kwa kila kipenyo cha shafti, vyote kwa milimita, ni hivi:

Shafti 40: pete unene 1.75, kitako 37.5, upana 1.85
Shafti 50: pete unene 2.0, kitako 47.0, upana 2.15
Shafti 60: pete unene 2.0, kitako 57.0, upana 2.15
Shafti 80: pete unene 2.5, kitako 76.5, upana 2.65
Shafti 100: pete unene 3.0, kitako 96.5, upana 3.15

Kwa tundu la mm 80 pete ni 2.5 na kitako ni 83.5, kwa tundu la mm 100 pete ni 3.0 na kitako ni 103.5. Ukipata namba zilizo mbali na hizi, huenda mtengenezaji ametumia pete yake mwenyewe. Fuata namba ya spea kwenye kitabu cha mashine, usilazimishe.

Chukua shafti ya 50. Pete ya mm 2 ndani ya mfereji wa 2.15 ina nafasi ya mm 0.15. Ukipima upana ukapata 2.5, nafasi imefika nusu milimita. Kila mashine inapogeuza mwelekeo, gia inakimbia ile nusu milimita na kuipiga pete kama nyundo. Pete mpya hapo haitakaa.

Halafu tazama umbo la ukuta wa mfereji, kwa tochi na kwa ukucha. Ukuta mzima una kona ya mraba. Ukuta uliochoka umeviringika juu, na mdomo wa mfereji umepanuka kama wa chungu. Mzigo unapokuja, pete inapanda mviringo huo, inajikunja kama sahani, na kuruka. Hapa hakuna ujanja wa kienyeji. Kujaza mfereji kwa welding kunachemsha shafti iliyotiwa ugumu, nayo hukatika palepale pembeni ya welding. Badilisha shafti, au peleka kwa mchonga vyuma mwenye ujuzi achonge mfereji mpana zaidi kwa ajili ya pete nene. Hilo la pili linafaa tu kama chuma kilichobaki kati ya mfereji na mwisho wa shafti hakipungui mara tatu ya kina cha mfereji. Kwa shafti ya 50, kina ni mm 1.5, kwa hiyo kibaki angalau mm 4.5. Kikipungua, mdomo wa shafti utameguka.

Pima pia pete ya zamani kama bado nzima. Pete mpya ya shafti ya 50, ikiwa huru mezani, ina kipenyo cha ndani cha karibu mm 45.8, mdogo kuliko kitako cha 47. Tofauti hiyo ndiyo inayoifanya ibane. Yako ikifika 47 au zaidi, ilikuwa imelala tu kwenye mfereji, haijashika kitu. Kuibana kwa koleo ili "irudi" ni kujidanganya. Chuma cha springi kilichovuka mpaka wake hakirudi.

Hatua ya 5: Agiza kwa namba

Kutoka Mtwara hadi Dar ni zaidi ya kilomita 500, na spea ikipanda basi ikiwa siyo, umepoteza siku mbili na nauli ya kifurushi mara mbili. Tuma kipenyo, unene, ndani au nje, na namba ya spea. Picha peke yake haitoshi: pete ya 58 na ya 60 zinafanana sana kwenye simu. Agiza tatu, siyo moja, kwa kuwa pete ndiyo spea ya bei ndogo kuliko zote kwenye kazi hii.

Kataa mambo matatu: pete kubwa iliyokatwa ncha ili iingie, pete mbili nyembamba badala ya moja nene, na pete nyeupe iliyopakwa zinki bila kujua imepakwaje. Upakaji wa zinki kwa umeme huingiza haidrojeni kwenye chuma kigumu, na pete isipookwa vizuri baada ya kupakwa inaweza kupasuka yenyewe saa au siku kadhaa baada ya kuvishwa. Pete nyeusi iliyopakwa mafuta ni ya kawaida, ila hewa ya bahari itaitia vidoa vya kutu kwenye rafu. Zihifadhi ndani ya kopo lenye mfuniko, zikiwa na grisi. Kidoa cha kutu ndiyo mwanzo wa ufa.

Hatua ya 6: Visha

Pete iliyokatwa kwa mashine ya kubonyeza ina upande mmoja wenye kona kali na mwingine wenye kona laini. Pitisha ukucha, utausikia. Upande mkali uelekee mbali na beringi, ukaegemee ukuta wa mfereji. Upande laini uikabili beringi. Ukigeuza, kona laini ndiyo itakayobeba, na pete inateleza nje kirahisi.

Kama beringi au gia ina kona kubwa iliyoviringika, inaisukuma pete kwenye ukingo wake tu na kuipinda. Weka washa ngumu ya kona mraba kati yao, ikiwa mtengenezaji ameipangia nafasi.

Panua pete kwa kiasi cha kupita shafti tu, isogee bila kuchubua. Usiipashe moto kwa toch ya gesi ili ilainike; italainika kweli, na itabaki hivyo.

Hatua ya 7: Hakikisha imekaa

Kuiona imeingia hakutoshi. Igonge taratibu kwa panchi ya shaba kuzunguka duara lote, kisha jaribu kuizungusha: izunguke kwa nguvu, bila kuinuka upande wowote. Pima mchezo wa gia mbele na nyuma kwa dayo geji (geji ya saa yenye mshale) na ulinganishe na kitabu.

Kwenye pakiti ya klachi ya giaboksi utaratibu huongezeka. Springi inabanwa kwanza kwa presi, kamwe si kwa mikono, na pete huuzwa kwa unene tofauti ili kurekebisha nafasi ya sahani. Pima nafasi kwa fila geji (bapa nyembamba za kupimia mwanya), chagua unene unaoirudisha ndani ya kipimo cha kitabu, halafu pima tena.

Funga kifuniko, jaza oili mpaka itoke kwenye tundu la kiwango, tembeza mashine mita 50 mbele na nyuma, kisha shika fainali draivu zote mbili. Moja ikiwa na joto zaidi ya mwenzake, fungua. Baada ya siku ya kwanza ya kazi, chota oili kidogo kwenye plagi ya chini na upitishe sumaku.