Jenereta ya kuendesha AC ya trela la kulala: namna ya kuichagua ukiwa Mwanza

Mimi ni fundi wa AC na friji hapa Mwanza, na wanaoniletea swali la jenereta siku hizi si wenye nyumba na maduka peke yao. Wapo wanaovuta trela la kulala kwenda Lamadi na lango la Ndabaka la kuingilia Serengeti, wapo wenye makontena ya kulala kwenye kambi za ujenzi. Swali lao huwa lilelile: "Fundi, ninunue ya kilowati ngapi?" Jibu lake liko kwenye kibandiko cha AC yako kabla hata hujafika dukani. Jenereta huchaguliwa kwa ile sekunde moja ambayo kompresa inaanza kuzunguka. Ukishapata namba ya sekunde hiyo, unairekebisha tena kwa sababu ya mahali tulipo: uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na injini ya petroli hapa haitoi nguvu inayotoa Dar es Salaam.

Chukua kalamu na karatasi, tufanye hesabu pamoja.

Hatua ya 1: Soma kibandiko cha AC, si tangazo lake

Panda juu ya trela au zunguka nyuma ya AC ukitafute kibandiko. Unataka vitu vitatu: volti, hezi na ampea. BTU inakwambia AC inapoza kiasi gani, haikwambii inakula umeme kiasi gani.

Anza na volti na hezi, maana hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Umeme wetu ni volti 230, hezi 50, na jenereta zinazouzwa madukani kwetu ni za namna hiyo. Trela lililotoka Uingereza au Afrika Kusini litakubaliana nazo bila shida. Trela lililotoka Marekani ni habari nyingine: AC yake ya juu ya paa, mara nyingi ya BTU 13,500 au 15,000, ni ya volti 120 na hezi 60. Watu hukimbilia transfoma. Transfoma inashusha volti, lakini hezi haigusi, na mota iliyotengenezwa kwa hezi 60 ukiilisha hezi 50 inazunguka taratibu na kupata moto kupita kiasi. Ushauri wangu kwa mwenye trela la namna hiyo ni kuing'oa AC hiyo na kufunga ya volti 230 kabla hajafikiria jenereta. Ni gharama, najua, lakini ni gharama ya mara moja.

Kwa ukubwa, trela la kawaida la kulala watu wawili hadi wanne linatoshwa na BTU 9,000 hadi 12,000. Joto la Mwanza si la Tanga. Ukiegesha chini ya mwembe badala ya juani, AC ndogo inakutosha, na AC ndogo ina maana ya jenereta ndogo.

Hatua ya 2: Tafuta namba ya kuanzia

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, kwa hiyo twende taratibu.

Tuseme AC yako ni ya BTU 12,000, ya kawaida, na kibandiko kinasema ampea 5. Zidisha kwa volti 230, unapata wati 1,150. Hiyo ndiyo namba ya kutembea, yaani umeme inaokula ikishachanganya. Muuza jenereta ukimwambia namba hii atakuuzia mashine ya wati 1,500, na utaondoka nayo ukiwa na furaha. Ukifika kambini utawasha AC, feni itazunguka vizuri, utasema mambo ni mazuri. Dakika mbili baadaye kompresa inataka kuanza. Jenereta inaguna, taa zinafifia, kompresa inatoa sauti nzito bila kuzunguka, kisha breka inaanguka.

Sababu ni kwamba mota ya kompresa ikiwa imesimama inavuta mkondo mkubwa sana hadi pale inapozunguka. Kwenye kibandiko cha kompresa yenyewe utaona herufi LRA. Hiyo ni ampea inazovuta ikiwa imekwama, na mara nyingi ni mara nne hadi sita ya ampea za kutembea. Huhitaji jenereta ya kubeba mzigo huo wote kwa muda mrefu, kwa kuwa unapita ndani ya sekunde moja na jenereta yenyewe ina akiba kidogo ya mzunguko wake. Kipimo ninachotumia kazini kwa AC ya kawaida ni kuzidisha wati za kutembea kwa tatu. Kwa mfano wetu: 1,150 mara 3 ni wati 3,450.

Kama una klampu mita (mita ya kubana waya ili kupima ampea) yenye uwezo wa kushika mkondo wa juu kabisa, pima mwenyewe AC ikiwa kwenye umeme wa TANESCO. Bana waya wa moto mmoja peke yake, si kebo nzima. Ukibana kebo nzima, unaokwenda na unaorudi vinafutana na mita itasoma sifuri.

Hatua ya 3: Toa sehemu ya ziwa

Injini ya petroli isiyo na tabo (kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini) hupoteza karibu asilimia 3.5 ya nguvu zake kwa kila mita 300 unazopanda, kwa sababu hewa inazidi kuwa nyepesi. Ukigawanya mita 1,134 kwa 300 na kuzidisha kwa 3.5 unapata kama asilimia 13. Kwa hiyo hapa Mwanza, Musoma, Bukoba, popote ufukweni mwa ziwa, jenereta iliyoandikwa wati 3,000 ihesabu kuwa na 2,600.

Kwa hesabu yetu, gawa 3,450 kwa 0.87. Unapata karibu 3,970. Sasa ndipo unaweza kwenda dukani ukisema: natafuta mashine ambayo kilele chake, yaani wati za juu kabisa inazotoa kwa muda mfupi, ni wati 4,000.

Wanaovuka Serengeti hadi kingo za Ngorongoro huniuliza kuhusu kule, ambako unapita mita 2,200. Nguvu itapungua kwa zaidi ya robo. Lakini kwa baridi ya kule usiku, AC hutaihitaji.

Hatua ya 4: Kabla ya kununua mashine kubwa, punguza mshtuko

Jenereta ya wati 4,000 ni nzito, ina kelele, na inakunywa petroli hata pale AC inapokuwa imetulia kwenye wati 1,150. Kuna njia mbili za kuikwepa, na zote mimi nazipenda.

Ya kwanza ni kufunga softi stata. Ni kiboksi kidogo kinachoungwa kwenye waya wa kompresa, na kazi yake ni kuipa mota umeme kidogokidogo badala ya kuifungulia wote kwa mkupuo. Mshtuko wa kuanza unaweza kushuka zaidi ya nusu. Kifungwe na fundi anayeijua AC, kwa sababu kapasita iliyomo ndani, inayohifadhi umeme, inaweza kukupiga hata umeme ukiwa umezimwa.

Ya pili ni AC ya inverta. Kompresa yake inaanza polepole na kupanda mwendo kadiri joto linavyotaka, hivyo ule mshtuko haupo wa kutisha. Kwa AC ya namna hii unahesabu wati zake za juu kabisa za kutembea, unajumlisha taa, chaji za simu na pampu ya maji, kisha unagawa kwa 0.87. Mfano: 1,150 na 300 ni 1,450, ukigawa unapata karibu 1,670. Honda EU22i, ambayo kilele chake ni wati 2,200 na kazi ya kudumu ni 1,800, inaingia hapo, ingawa kwa kubana. Birika la umeme usilithubutu ukiwa na mashine ya ukubwa huo. Chemsha chai kwa gesi.

Hatua ya 5: Ukiwa dukani

Kibandiko kikubwa cha rangi kilichobandikwa kwenye tangi ni cha kuvutia macho. Inama utafute kile kidogo cha chuma au cha fedha karibu na soketi. Utaona namba mbili za wati: kilele na kazi ya kudumu. Kilele ndicho unachokilinganisha na namba ya Hatua ya 3. Kazi ya kudumu ikizidishwa kwa 0.87 lazima izidi wati zako zote za kutembea, na ibaki nafasi, maana mashine inayofanya kazi kwenye ukomo wake mchana kutwa haidumu. Wakiandika kVA badala ya kilowati, tafuta pawa fakta, yaani namba ya kuzidisha kVA ili upate kilowati. Ikiwa ni 0.8, basi kVA 3 ni kilowati 2.4.

Muulize muuzaji kama waya wa koili ni wa shaba au wa aluminiamu. Atakwambia shaba. Nyanyua mashine mbili za wati sawa ulinganishe uzito, na umwombe aandike neno "shaba" kwenye risiti. Asipokubali kuandika, umeshajibiwa.

Jenereta ya fremu wazi ni rahisi kununua na fundi yeyote anaijua. Ya inverta ni ghali, lakini haina kelele nyingi, inapunguza mwendo mzigo ukipungua, na umeme wake ni safi. Kama AC yako ni ya inverta, kadi yake ya umeme inaupenda umeme huo safi, na mimi ningekubana ununue hiyo. Vile vijenereta vidogo vya kuchanganya petroli na oili tuviachie taa na redio.

Hatua ya 6: Ijaribu na AC yako mwenyewe, saa nane mchana

Kubaliana na muuzaji kabla ya kulipa yote kwamba utaijaribu. Asubuhi saa mbili kila jenereta ni nzuri. Njoo jua likiwa kali.

Iache jenereta izunguke bila mzigo dakika tano. Pima: volti ziwe karibu 230 hadi 240, hezi zizidi 50 kidogo. Washa AC, ishushe nyuzi chini kabisa ili kompresa iitikie, na macho yako yabaki kwenye mita. Kompresa inapoingia volti zitaanguka. Zikirudi juu ndani ya sekunde moja au mbili, vizuri. Zikishuka chini ya 200 na kubaki huko, zima mara moja, kwa sababu ni kompresa yako inayoungua.

Kisha fanya jaribio ambalo wengi hawafanyi. Iache AC ifanye kazi nusu saa ipate moto, izime, subiri dakika tatu hadi tano presha ya gesi isawazike, iwashe tena. Kuanza ikiwa ya moto ndiko kuanza kugumu kuliko kote. Mashine ikipita hapo, lipa.

Hatua ya 7: Waya

Kebo ya ekstensheni iwe ya milimita za mraba 2.5 na uikunjue yote. Ikibaki imeviringwa inapata moto. Usiunge jenereta kwenye soketi ya nyumba bila chenjiova (swichi inayotenga nyumba na umeme wa TANESCO), unaweza kumuua fundi wa TANESCO aliye juu ya nguzo. Na kwa kuwa jenereta nyingi ndogo nyutro yake haijafungwa kwenye ethi, ile breka ya usalama iliyomo ndani ya trela inaweza isikate unapopigwa na umeme. Mpe fundi umeme mwenye leseni aikague.

Hatua ya 8: Mahali pa kuiweka ufukweni

Moshi wa jenereta una kaboni monoksaidi. Haionekani, hainuki, na inaua watu wakiwa usingizini. Iweke mashine angalau mita sita kutoka dirishani, bomba la moshi likitazama mbali na trela, na ununue kengele ya gesi hiyo uitundike karibu na kitanda.

Ufukweni kuna jambo la ziada. Mchana upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu. Usiku unageuka, unatoka nchi kavu kwenda ziwani. Ukiiweka jenereta upande wa nchi kavu saa kumi jioni, moshi unakwenda zake. Saa nane usiku moshi huohuo unarudi juu ya trela mkiwa mmelala. Iweke ubavuni, sambamba na mstari wa ufuko, ili upepo wa mchana wala wa usiku usiulete moshi ndani.

Halafu kuna wale vijidudu wa ziwani wanaopanda kama wingu la moshi, maeneo ya Igombe na Kayenze mnawajua. Hawaumi, lakini wanafuata taa na kuziba chujio la hewa la jenereta na mapezi ya kondensa ya AC, ile sehemu inayotoa joto nje. Kondensa iliyoziba inapandisha presha, na presha ikipanda kompresa inaanza kwa shida, hesabu yako yote ya Hatua ya 2 inaharibika. Zima taa za nje, na kila asubuhi pitisha brashi laini kwenye mapezi.

Wakati wa kuzima, anza na AC, iache jenereta izunguke bila mzigo dakika chache ipoe, ndipo uizime. Oili ya kwanza uimwage baada ya saa 20 za kazi, kisha ufuate kitabu chake. Kama safari nyingine iko mbali, funga koki ya petroli uiache mashine izunguke hadi ijizime yenyewe, kabureta ibaki tupu.