Macho yanauma kwenye laptopu mpya? Pima skrini kwanza kabla hujanunua miwani

Jamani, kama laptopu ya zamani ulikuwa unakesha nayo freshi na hii mpya nusu saa tu macho yanachoma na kichwa kinagonga, usikimbilie miwani ya kuzuia mwanga wa bluu. Cochrane, mtandao wa kimataifa wa kupitia tafiti za afya, walipitia tafiti 17 za hiyo miwani mwaka 2023, na hawakuona kama inapunguza uchovu wa macho kwa muda mfupi. Mimi nilimeza dawa za kichwa miezi miwili, nikapimwa macho nikaambiwa yako sawa, kumbe shida ilikuwa kwenye mashine.

Anza na mwanga. Kuna skrini ukishusha mwanga haupungui kweli, taa ya nyuma inawaka na kuzimika mamia ya mara kwa sekunde, wewe huoni lakini kuna watu kichwa kinaona. Chukua simu, kamera weka Pro (hali ya kupanga mwenyewe), shata, yaani muda kamera inaofunguka, iwe 1/2000 ya sekunde au kasi zaidi, laptopu ifungue ukurasa mweupe mtupu na mwanga uwe 30% hivi, halafu elekeza kamera. Ukiona mistari mipana ya giza inatembea, ndio hiyo. Pandisha taratibu, mashine nyingi za LCD (skrini yenye taa ya nyuma) mistari inapotea ukikaribia 100%. Basi uache hapo hapo ilipopotea, na kama unakuumiza kwa ukali tumia programu inayofifisha picha bila kugusa taa, kama Iris. Rangi zitapooza kidogo, vumilia.

Kamera isipoonyesha mistari na bado unaumia, geukia kadi ya grafiki (chipu inayochora picha za skrini), na hapa ndipo wengi wanakata tamaa mapema. Kuna skrini za biti 6 (zenye rangi chache) zinazoigiza biti 8 (rangi nyingi zaidi) kwa kurusharusha kila nukta kati ya rangi mbili haraka haraka, na kadi yenyewe pia inaweza kufanya hivyo, simu haikuonyeshi kirahisi. Sevu kazi zako, kwenye Windows ingia Device Manager, Display adapters, bonyeza kulia, Disable. Kama una kadi mbili zima ile ya ndani ya Intel au AMD, mara nyingi ndio inaendesha skrini. Skrini itazima kidogo, maandishi yanaweza kuvimba, video zitakwama, monita ya nje inaweza kukatika, usiogope, Windows imehamia kwenye draiva (programu inayoendesha kadi) yake ya msingi. Andika andika saa moja au mbili. Ukipata nafuu, mchawi ni draiva: washa tena kadi, jaribu Roll Back Driver au weka draiva ya zamani kutoka kwa mtengenezaji wa laptopu, na uzime Vari-Bright (AMD) au Display Power Savings (Intel), hizo zinachezea mwanga kufuata picha, hasa ukiwa kwenye betri.

Badilisha kitu kimoja tu kwa siku na uandike, ukibadilisha vitano hutajua kipi kimekuponya.

Mengine unayajua, skrini ikae urefu wa mkono, dirisha lisiwe nyuma yako, kumbuka kupepesa macho. Ila ukianza kuona vitu viwili viwili au jicho linauma hata kompyuta imezimwa, acha majaribio nenda kwa daktari wa macho.

Na siku ukienda kununua nyingine, Kariakoo au popote, hiyo ya kamera ifanye dukani kabla hujatoa hela.