Jeni ileile, mimea tofauti: jinsi ya kupata ukoo wa kutegemewa

Jeni ngeni uliyoingiza kwenye mimea ni ileile na promota (kipande cha DNA kinachowasha jeni) ni ileile, lakini mmea mmoja unatoa protini tele, wa pili kidogo, wa tatu hautoi kabisa. Hii ni kawaida. Jeni hutua popote kwenye kromosomu: penye DNA iliyolegea hufanya kazi, penye DNA iliyofungamana hubanwa. Tena huweza kuingia nakala moja au kadhaa, baadhi zikiwa zimekatika. Kwa hiyo kazi kubwa ni kuchagua.

Hatua ya 1. Zalisha mimea mingi, kila mmoja kutoka tukio lake la kuingizwa jeni. Machipukizi mawili ya donge moja la seli yahesabu kama mmea mmoja mpaka uthibitishe vinginevyo.

Hatua ya 2. Hesabu nakala. Kata DNA kwa kimeng'enya kinachokata mara moja tu ndani ya kipande ulichoingiza, kisha fanya kipimo cha Southern (kinachoonyesha vipande vya DNA kama mistari) kwa kitambuzi, yaani kipande cha DNA chenye alama, kinachoshika upande mmoja wa mkato huo. Ukiona mstari mmoja, kuna uwezekano mkubwa ni nakala moja. Baki na mimea hiyo. Njia ya Agrobacterium (bakteria anayeingiza jeni kwenye mmea) kwa kawaida huacha nakala chache kuliko bunduki ya jeni (inayorusha chembe zilizopakwa DNA ndani ya seli).

Hatua ya 3. Pima RNA (ujumbe wa jeni unaotumika kutengeneza protini) na protini, kwa majani ya umri mmoja yaliyokua kwenye mwanga na joto lilelile. Ukichanganya jani changa na jani kuukuu, utalaumu jeni bure.

Hatua ya 4. Chavusha mmea kwa chavua yake wenyewe, uoteshe mbegu. Jeni ikiwa imekaa mahali pamoja, miche yenye jeni kwa isiyo nayo hukaribia 3 kwa 1. Ikiwa mahali pawili pasipoungana, 15 kwa 1. Endelea hadi upate mimea iliyorithi jeni kutoka pande zote mbili, na upime tena. Usiiruke hatua hii, maana zipo koo ambazo jeni hunyamaza, yaani huacha kufanya kazi, hapo hapo inapokuwa maradufu.

MASWALI

Nakala nyingi si zitatoa protini nyingi?
Mara nyingi huwa kinyume. Mwaka 1990 watafiti waliongeza jeni ya rangi kwenye petunia (mmea wa maua) ili zambarau ikolee. Baadhi ya mimea ikatoa maua meupe au yenye mabaka. Jeni ngeni ilinyamaza pamoja na ya asili, kwa sababu seli ilikuwa ikiharibu RNA ya zote mbili.

Nina nakala moja, mbona inafifia?
Nakala moja hupunguza hatari, haiiondoi. Huko Köln, Ujerumani, petunia wapatao 30,000 wenye jeni moja ya rangi kutoka mahindi walipandwa shambani, na maua mengi yakapoteza rangi kadiri msimu ulivyosonga. Promota ilikuwa imewekewa alama za methili (vikundi vidogo vya kemikali vinavyobandikwa kwenye DNA na kuizima). Pima methili kwenye promota yako, na ujaribu mimea kwenye joto kali kabla ya kuisifu.

Naweza kutumia promota ya 35S (promota yenye nguvu kutoka virusi vya koliflawa) kwa jeni mbili kwenye kipande kimoja?
Nakushauri usifanye hivyo. Mfuatano unaojirudia hualika kunyamazishwa. Tafuta promota ya pili, na kitamatishi (kipande cha DNA kinachoashiria mwisho wa jeni) cha pili pia.