Umemkopesha mtu hataki kulipa: kudai deni Mahakama ya Mwanzo

Madeni mengi ya huku Nyanda za Juu Kusini hayana tarehe, yana msimu. Wa Mbarali atalipa akiuza mpunga, wa Tukuyu anasubiri parachichi, wa Mafinga anasubiri mbao zipate lori. Msimu unafika, bei inaanguka, deni linasogezwa mwakani. Mahakamani hilo linakugharimu: utathibitishaje kwamba siku ya kulipa imepita, ikiwa haikutajwa?

Kwa hiyo anza na maandishi. Mfuate mdaiwa wakati bado mnasalimiana, aandike mwenyewe kwa mkono wake. Ukimwandikia wewe akasaini tu, kesho atasema hakusoma. Maneno machache yanatosha:

"Mimi …, mkazi wa kijiji cha …, nakiri kudaiwa na … Sh 2,400,000 (milioni mbili na laki nne) alizonikopesha tarehe 3 Machi. Nimeshalipa Sh 400,000 (laki nne). Zilizobaki, Sh 2,000,000 (milioni mbili), nitalipa zote kabla ya tarehe 31 Agosti." Mwaka uandikwe pia.

Kiasi kiwe kwa tarakimu na kwa maneno, maana sifuri huongezeka kirahisi. Shahidi mmoja atoke upande wake, mmoja upande wako, na wamsikie akikiri. Shahidi aliyeitwa kusaini tu hukwama kwenye swali la kwanza: "Uliziona hizo fedha?" Muhuri wa mtendaji wa kijiji unasaidia kuonyesha karatasi ilipita ofisini, lakini hausemi kama fedha zilitolewa.

Akikataa kuandika, tumia simu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ujumbe wa simu kuwa ushahidi. Shida ni kwamba "nivumilie kaka, mwezi wa nane" hausemi ni shilingi ngapi. Mjibu: "Sawa, ile milioni mbili iliyobaki?" Akijibu "ndiyo", umepata kiasi. Usifute kitu, na simu yenyewe itunze hata ukishachapisha mazungumzo. Kama ulituma kwa M-Pesa au mtandao mwingine, omba taarifa ya miamala kwenye duka lao. Taarifa hiyo peke yake inaonyesha fedha zilikwenda, haionyeshi zilikuwa mkopo. Atasema zilikuwa malipo ya viazi.

Kosa linaloharibu kesi nyingi ni kuficha riba ndani ya deni. Mtu kachukua laki 5, kaandikishwa laki 7. Mdaiwa akitoa muamala wa laki 5, karatasi nzima inatiliwa shaka, hata ile sehemu ya kweli. Isitoshe, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka anayefanya biashara ya kukopesha awe na leseni. Ukiingia mahakamani na hesabu za kausha damu, yaani mikopo ya riba ya kunyonya, unajichongea. Dai ulichotoa.

Mtego mwingine ni shamba. Watu huandikishana "mkataba wa mauziano" kumbe ni dhamana ya mkopo, na mke wa mkopaji hana habari. Mkianza kugombania shamba, hilo si deni tena: mgogoro wa ardhi hausikilizwi Mahakama ya Mwanzo, mtaishia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mkopo uandikwe mkopo.

Polisi? Kushindwa kulipa deni ni madai, si jinai. Utapeli wa tangu mwanzo ni habari nyingine.

Ukishakuwa na ushahidi, mpe barua ya madai yenye kiasi na siku, tuseme 14, asaini nakala yako. Kimya kikiendelea, nenda Mahakama ya Mwanzo ya eneo anakoishi au mlikokopeshana. Inasikiliza madai ya mkataba yasiyozidi Sh milioni 30. Unaweza kueleza dai kwa mdomo likaandikwa. Lipa ada, tunza risiti, kisha mdaiwa ataitwa. Akipata wito asipotokea, shauri linaweza kusikilizwa upande mmoja, bila yeye, ila bado utathibitisha; usipotokea wewe, linaweza kufutwa. Hakimu anapima ushahidi wa nani una uzito zaidi, si lazima uondoe kila shaka. Usikae na karatasi kabatini: ukomo wa madai ya mkataba ni miaka 6.

Asiyeridhika na hukumu ana siku 30 kukata rufaa Mahakama ya Wilaya.

Hapa ndipo wengi hushangaa: mahakama haikufuatilii fedha. Ni wewe unayeomba kukaza hukumu, yaani itekelezwe kwa kukamata mali zake, na ni wewe unayeonyesha mali. Andika orodha mapema: pikipiki na namba yake, mashine ya kukoboa, magunia yake yapo ghala la nani. Nguo, vyombo vya kupikia, matandiko na zana za fundi havikamatwi. Akiomba kulipa kidogo kidogo, tarehe za awamu ziingie kwenye amri ya mahakama. Na kama anachotegemea ni mpunga, peleka maombi yako magunia yakiwa ghalani. Ukisubiri hadi Desemba, utaonyeshwa miche.