Bia na limau ughaibuni: kuagiza, kununua na kuchanganya mwenyewe

Neno la kwanza litakalokuchanganya ni lemonade. Uingereza ukiagiza shandy, mhudumu anamimina bia nyepesi kisha anaijazia lemonade, na kwa Waingereza hiyo ni soda nyeupe yenye gesi. Ukivuka kwenda Marekani, neno lilelile ni maji ya limau yaliyotiwa sukari, gesi hamna kabisa. Mimi nilinunua chupa ya namna hiyo nikaichanganya na bia nusu kwa nusu. Povu likazima palepale, bia ikapooza. Kwa hiyo ukiwa Marekani tafuta soda ya limau kama Sprite, au chukua hiyo lemonade yao kidogo na uiongezee maji ya soda.

Kila nchi ina jina lake, na ukilijua hupati shida kaunta. Ujerumani na Austria ni Radler, yaani mwendesha baiskeli. Hamburg na maeneo ya jirani utasikia Alsterwasser, maji ya mto Alster. Ufaransa ni panaché. Hispania sema clara con limón, na hilo con limón usiliache, maana kuna sehemu ukisema clara tu unatiliwa gaseosa, soda tamu isiyo na limau. Mexico mambo ni mengine: chelada ni bia, maji ya ndimu na chumvi kwenye mdomo wa glasi, lakini michelada mara nyingi huja na sosi na pilipili. Ni tamu sana kwa anayependa ukali, ila kama ulitaka cha kupoza koo tu, agiza chelada.

Vya kopo vinapatikana supamaketi nyingi. Geuza kopo usome. Radler nyingi za Ulaya zina kileo cha asilimia 2 hadi 2.5, kwa kuwa nusu yake ni soda. Shandy za Marekani huweza kupita asilimia 4, sawa na bia nyepesi ya kawaida, ingawa ladha inakudanganya kwamba unakunywa soda. Anayeendesha gari asisahau hilo. Na wewe usiyetaka kileo hata kidogo, angalia hapa: Ujerumani bia inayoandikwa alkoholfrei inaruhusiwa kuwa na kileo mpaka asilimia 0.5. Tafuta iliyoandikwa 0,0.

Hata hivyo, kwa maoni yangu hakuna ya kopo inayoifikia ile unayochanganya nyumbani. Siri iko kwenye ganda. Harufu ya limau haiko kwenye maji yake, iko kwenye mafuta ya ganda la njano. Ukilikunja ganda karibu na pua utayaona yakiruka kama mvuke. Nunua malimau yasiyopakwa nta: Uingereza huandikwa unwaxed, kwa Kijerumani unbehandelt. Menya maganda ya malimau mawili kwa kisu chembamba, ule weupe wa ndani uuache kwenye tunda kwa sababu ni mchungu. Weka maganda kwenye sufuria pamoja na kikombe cha sukari na kikombe cha maji, koroga motoni mpaka sukari iyeyuke, epua, funika, acha vipoe vyenyewe. Ukichuja unapata shira ya limau, na ndani ya friji inakaa wiki nzima bila tatizo.

Sasa chukua glasi kubwa, inayozidi nusu lita. Tia vijiko viwili vya chakula vya shira na viwili vya maji ya limau uliyoyakamua sasa hivi, koroga. Ongeza maji ya soda kiasi cha mililita 125. Kisha inamisha glasi, umimine bia taratibu ikiteremka ubavuni, chupa moja ya mililita 330. Bia iwe ya mwisho, na kila kitu kiwe kimelala kwenye friji, kwa sababu bia yenye uvuguvugu ikikutana na ndimu au limau hufura povu hadi mezani. Barafu usiweke, inazimua ladha. Ni afadhali upoze glasi yenyewe. Bia ya asilimia 5 hapo inashuka mpaka kama 3.2.

Chagua laga nyepesi, au bia ya ngano, ambayo inapatana vizuri hata na chungwa. Bia nyeusi na zile zenye uchungu mwingi sizipendekezi, uchungu na ukali wa limau vinagombana.

Ukitaka ndimu badala ya limau, Ufaransa ulizia citron vert, Ujerumani Limette, Hispania lima. Mexico ukisema limón tu, unapewa ndimu. Zile kubwa zisizo na mbegu zinazojaa madukani Ulaya zina maji mengi, ila harufu yake ni pungufu kuliko ya ndimu ndogo zenye mbegu, basi tumia na ganda lake kidogo.

Balungi nalo linaenda vizuri mno na bia ya ngano, na Radler za balungi zimejaa Ujerumani na Austria. Lakini kama unameza dawa za kolesteroli au za shinikizo la damu, muulize mfamasia kwanza. Balungi huzuia mwili kuzivunja baadhi ya dawa hizo, zikazidi kwenye damu. Limau la kawaida halina shida hiyo.