Somo: Mdakaji mkongwe akianza kupiga vizuri, mpime hivi (mfano: Kurt Suzuki, 2017)

Ubishi kuhusu Kurt Suzuki, mdakaji wa besiboli ya Marekani (yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji kupokea mipira ya mrushaji), hauishi kwa sababu kila upande umeshika tarakimu moja na hautaki kuiachia. Mmoja anataja homurani 19 katika mechi 81. Mwingine anajibu kwamba ni mdakaji wa miaka 33 mwenye mkono dhaifu, tena msimu mmoja hauthibitishi kitu. Dawa ni kupiga hesabu yote. Karatasi na kikokotoo cha simu vinatosha.

Maneno tutakayotumia: zamu ni kila mara mchezaji anaposimama kupiga. Zamu rasmi ni hizo hizo ukitoa alizopewa kituo bure (mrushaji akirusha mipira minne mibovu), alizogongwa na mpira, na zile alizojitoa ili mwenzake asogee. Homurani ni mpira uliovuka uzio, na huhesabiwa vituo vinne. Straiki ni mpira mzuri ambao mpigaji ameukosa au kuuacha; zikifika tatu anatolewa. Mikimbio ndiyo magoli ya besiboli.

Hatua ya 1: Andika mstari mzima

Suzuki, Atlanta Braves, 2017: zamu 309, zamu rasmi 276, mapigo 78. Kati ya hayo, 46 ni ya kituo kimoja, 13 ya vituo viwili, 19 homurani, na la vituo vitatu hakuna. Vituo vya bure 17, kugongwa 13, kutolewa kwa straiki tatu 39.

Sasa tafuta wastani wa vituo kwa kila zamu rasmi: 46 + 26 (13 × 2) + 76 (19 × 4) = 148, gawa kwa 276, unapata 0.536. Mwaka 2015 akiwa Minnesota Twins alikuwa na 0.314, na 2016 akapata 0.403.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza: wanaangalia wastani wa mapigo peke yake. Mwaka 2014 alipiga 0.288, mwaka 2017 akapiga 0.283. Kwa tarakimu hiyo utaapa kwamba hakuna kilichobadilika. Lakini 2014 alikuwa na homurani 3 tu msimu mzima. Wastani wa mapigo unahesabu pigo la kituo kimoja sawa na homurani, kwa hiyo hauwezi kukuonyesha nguvu.

Hatua ya 2: Pima bahati

Chukua mapigo yasiyo homurani, yagawe kwa mipira yote iliyopigwa ikabaki ndani ya uwanja. Juu: 78 − 19 = 59. Chini: 276 − 39 − 19 = 218, ongeza 2 za mipira ya juu iliyodakwa huku mwenzake akifunga, inakuwa 220. Jibu ni 0.268. Kwa ligi nzima kiwango hiki huwa karibu na 0.300. Angekuwa amebebwa na bahati ya mipira kuangukia penye mwanya, tungeona 0.340 au zaidi. Kwa upande huu bahati haikumbeba hata kidogo.

Hatua ya 3: Je, ni mpira wenyewe, au uwanja?

Wapo wasemao mpira wa mwaka huo uliruka zaidi, au uwanja ulimbeba. Hoja hii ni nzito, msiipuuze. Mwaka 2017 ligi kuu ilipiga homurani 6,105, rekodi kwa wakati ule, kutoka 5,610 mwaka uliotangulia. Ongezeko ni asilimia 9 hivi. Suzuki alitoka homurani 8 katika mechi 106 akafika 19 katika mechi 81, yaani zaidi ya mara tatu kwa kila mechi. Asilimia 9 haiwezi kubeba mzigo huo. SunTrust Park, uwanja wa Braves, nao ulikuwa mpya mwaka huo, na kipimo cha uwanja cha msimu mmoja hakiaminiki, kwa hiyo tenganisha mechi za nyumbani na za ugenini kabla ya kuulaumu.

Hatua ya 4: Changanya na miaka ya nyuma

Zamu 309 zinatosha kwa baadhi ya vitu tu. Kiwango cha straiki tatu huanza kuaminika kwenye zamu 60 hivi, vituo vya bure 120, homurani 170. Kile kipimo cha hatua ya 2 kinahitaji mipira kama 820, ndiyo maana hatukukitumia kutabiri.

Kwa nguvu, hesabu vituo vya ziada (vituo vyote toa mapigo): 70 mwaka 2017, 50 mwaka 2016, 32 mwaka 2015. Zamu rasmi: 276, 345, 433. Ipe miaka hiyo uzito wa 5, 4 na 3:

(350 + 200 + 96) ÷ (1,380 + 1,380 + 1,299) = 646 ÷ 4,059 = 0.159

Kwa 2017 peke yake ni 0.254. Mtu mwangalifu angetarajia 0.159 mwaka uliofuata. Suzuki alipata 0.173 mwaka 2018, kisha 0.222 mwaka 2019 akiwa Washington Nationals. Kilele cha 2017 hakikurudi, lakini hakushuka tena hadi alipokuwa 2015. Kwangu hilo linatosha kusema mabadiliko yalikuwa ya kweli.

Hatua ya 5: Geuza kuwa mikimbio

Kila tukio lina uzito wake: kituo cha bure 0.69, kugongwa 0.72, pigo moja 0.88, la vituo viwili 1.23, homurani 1.98.

11.73 + 9.36 + 40.48 + 15.99 + 37.62 = 115.18

Gawa kwa 308 (moja kati ya zamu 309 haihesabiwi hapa), unapata 0.374. Hii ndiyo wOBA, yaani wastani wa thamani ya kila zamu. Ligi ilikuwa 0.321. Tofauti ni 0.053, gawa kwa 1.19 (kigezo cha kugeuza wOBA kuwa mikimbio), zidisha kwa 309: karibu mikimbio 14 juu ya mpigaji wa kawaida.

Hatua ya 6: Glavu

Mdakaji wa msimu mzima huongezewa mikimbio 12.5 kwa ugumu wa nafasi. Suzuki aligawana kazi na Tyler Flowers, basi mpe 6. Ongeza 10 za tofauti na mchezaji wa akiba, yule ambaye timu ingempata kirahisi (20 kwa kila zamu 600). Jumla ni 30, na mikimbio 10 ni sawa na ushindi mmoja.

Sasa toa upokeaji, yaani jinsi glavu inavyomshawishi mwamuzi kuita straiki. Mtazame mdakaji mpira unapokuja usawa wa magoti. Mzuri huanza na glavu chini, anaupokea akipanda, na kifundo hakitikisiki. Mbaya anaukuta juu, uzito wa mpira unaishusha glavu, na mwamuzi anaona mpira mbovu. Straiki moja iliyopotea hivyo inagharimu takriban 0.125 ya mkimbio. Ukipoteza 48, mikimbio 6 ya nafasi imeliwa yote. Upokeaji haukuwa nguvu ya Suzuki. Tovuti ya takwimu ya FanGraphs inauhesabu kwenye WAR (jumla ya ushindi anaoongeza mchezaji), ile ya Baseball Reference haiuhesabu, ndiyo maana mnabishana mkiwa na namba mbili tofauti.

Hatua ya 7: Bei

Braves walimlipa dola milioni 1.5 kwa 2017, wakamwongezea mwaka kwa milioni 3.5. Nationals wakampa milioni 10 kwa miaka miwili. Ushindi mmoja sokoni ulikadiriwa karibu milioni 8. Hata ukimkata ushindi mzima kwa ajili ya glavu, anabaki na 2. Kwa bei ile alikuwa rahisi mno.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, shukrani kwa somo. Kama anapiga hivyo katika mechi 81, kwa nini asipewe 140 tuzidishe?

Jibu: Usizidishe, mkuu. Nusu msimu maana yake magoti yamepumzika na kocha anachagua warushaji wanaomfaa. Ukimchezesha kila siku, unaondoa hali zile zile zilizozaa namba hizo.

Swali: Mbona hujagusa mkono? Wakimbiaji walikuwa wanamwibia vituo.

Jibu: Ni kweli. Kituo kilichoibwa (mkimbiaji amekimbilia kituo kinachofuata kabla mpira haujapigwa) hugharimu mikimbio 0.2 hivi, na kumkamata mwizi huokoa 0.4 hivi. Vituo 20 vya ziada ni mikimbio 4. Vinauma, ila straiki zinazopotea zinauma zaidi kwa sababu hutokea kila siku. Na angalia mrushaji pia: akichelewa kuachia mpira, hata mkono wa chuma haumsaidii mdakaji.

Swali: Kugongwa mara 13 ni ustadi au ajali?

Jibu: Swali zuri, ndugu yangu. Tuseme 8 kati ya hizo zilikuwa ajali, zigeuze kuwa zamu za kutolewa: 8 × 0.72 ÷ 1.19, karibu mikimbio 5 imeondoka. Ukiwa mkali, tumia 9 badala ya 14 kwenye hatua ya 5. Bado yuko juu ya wastani.

Swali: Njia hii inamfaa Salvador Perez wa 2021?

Jibu: Inamfaa, na marekebisho mawili. Homurani zake 48 zilivunja rekodi ya wadakaji, 45 za Johnny Bench za mwaka 1970, lakini alipata vituo vya bure 28 tu, kwa hiyo usiruke hatua ya 5. Pili, mechi nyingine alipiga bila kudaka. Nyongeza ya nafasi mpe kwa mechi alizochuchumaa tu. Kwa zile za kupiga peke yake unamtoa mikimbio, kwa kiwango cha 17.5 kwa msimu mzima.