Hilux au mkonga: namna ya kuchagua pikapu ya kazi Tanga

Ukiuliza gari la kubebea mizigo kati ya Tanga mjini, Muheza na Lushoto, utajibiwa upesi: chukua Hilux, na kama mfuko unaruhusu chukua mkonga, yaani Land Cruiser 79. Jibu hilo linatoka kabla hujaulizwa unabeba nini, kilo ngapi, na barabara ipi siku nyingi za wiki. Kosa linalowagharimu wanunuzi wengi ni kudhani pikapu nzito inabeba mara mbili ya pikapu ya kati. Haibebi. Land Cruiser 79 ya kabini moja inabeba tani moja na kitu, na Hilux ya kabini moja nayo inabeba tani moja hivi. Hela ya ziada inanunua kitu kingine: uwezo wa kubeba mzigo uleule kwenye njia mbovu, kila siku, kwa miaka mingi, chuma cha chini kikiwa bado kizima.

Kwa hiyo kabla ya kulinganisha injini na sura, linganisha uzito.

Hesabu ya kilo

Fungua mlango wa mbele na utafute kibao kwenye nguzo ya mlango, au ndani ya boneti. Kimeandikwa uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa: gari, mafuta, watu na mzigo kwa pamoja. Toa uzito wa gari tupu, kisha toa watu na kila kitu kilichoongezwa baada ya gari kutoka kiwandani. Kinachobaki ndicho mzigo wako halali.

Tuchukue dabo kabini ambayo kibao chake kinasema kilo 2,910 na yenyewe tupu ina kilo 2,090. Zinabaki 820. Weka watu wanne wa kilo 70 kila mmoja, zinabaki 540. Bampa la chuma kilo 60 na kibanda cha nyuma kilo 50, zinabaki 430. Mfuko wa saruji ni kilo 50, kwa hiyo gari hilo linaondoka Pongwe na mifuko 8. Anayepakia 20 kwa sababu "Hilux ni tani moja" amezidisha zaidi ya nusu tani bila kujua.

Mchanga ndio unaodanganya kuliko mzigo wowote. Bodi ya dabo kabini, yenye mita 1.5 kwa 1.5 na kina cha sentimita 48, inaingiza zaidi kidogo ya mita moja ya ujazo. Mchanga uliolowa una tani 1.6 au zaidi kwa mita moja ya ujazo. Bodi ikijaa hadi ukingoni umebeba karibu tani 1.8. Kwa gari la mfano wetu, mchanga halali ni robo ya bodi tu, na kwa macho robo hiyo inaonekana kama dharau. Ipime kwa ndoo: ndoo ya lita 20 iliyojaa mchanga wa namna hiyo ni kilo 32 hivi. Maji ni rahisi zaidi, lita moja ni kilo moja. Machungwa na mboga, pima tenga moja kwenye mizani ya dukani, kisha zidisha.

Ukipiga hesabu ukaona mzigo wako wa kawaida ni tani mbili, acha pikapu zote mbili utafute Canter au gari la aina hiyo. Kumbuka tu kwamba sheria ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari ya mwaka 2016 inayapeleka kwenye mizani magari ya mizigo yenye uzito wa jumla kuanzia kilo 3,500. Pikapu nyingi ziko chini ya mstari huo, ila soma kibao cha gari lako mwenyewe.

Mzigo umekaa wapi

Kilo zikiwa halali, bado zinaweza kuvunja gari zikikaa vibaya. Kwenye kabini moja, sehemu kubwa ya bodi iko mbele ya ekseli ya nyuma, kwa hiyo mzigo unagawanyika mbele na nyuma. Kwenye dabo kabini, bodi fupi imesukumwa nyuma. Ukiweka tangi la maji kwenye mlango wa bodi, ekseli inakuwa egemeo, pua ya gari inanyanyuka, usukani unakuwa mwepesi, na chesisi inakunjwa pale nyuma ya kabini. Ndipo nyufa zinapoanzia. Kizito kiegemee ukuta wa kabini, chepesi kikae nyuma. Ukibeba kwa kuning'iniza, kama nondo zinazopita mlango wa bodi kwa mita mbili, punguza kilo zaidi ya hesabu ya kawaida.

Kuongeza majani ya springi hakuongezi uzito halali. Gari litasimama juu na kupendeza, lakini ekseli, beringi, breki na chesisi ni zilezile. Springi ngumu huhamishia kazi yote kwenye chesisi.

Kinachotofautisha chuma cha chini

Chuchumaa kwenye gurudumu la nyuma la mkonga uangalie katikati. Utaona kitovu kimechomoza nje ya ringi, kimezungukwa na duara la boliti. Hiyo ni ekseli ambayo kazi yake ni kuzungusha tu. Uzito wa gari umebebwa na beringi mbili zilizokaa kwenye nyumba ya ekseli. Shafti ikikatika, gurudumu linabaki mahali pake. Kwenye Hilux katikati ya ringi kuna kifuniko kidogo tu: shafti ileile inazungusha na pia inabeba uzito, na beringi imebanwa juu yake. Ikizidishiwa mzigo kwa muda mrefu, beringi inaanza kuvuma, oili ya difu (gia za katikati ya ekseli) inavuja hadi kwenye breki za ngoma, na gari linavuta upande mmoja ukikanyaga breki.

Mbele, mkonga una ekseli nzima ya chuma na springi za koili. Hilux ina mikono inayocheza kila upande peke yake. Kwenye lami ya Segera, Hilux ni tulivu na inashika barabara vizuri zaidi, na hilo ni suala la usalama pia, siyo starehe tu. Kwenye njia ya mashamba ya mkonge au kupanda Amani wakati wa masika, ile ekseli nzima inavumilia mashimo ambayo kwenye Hilux yanakula boli jointi na bushi. Pima kwa siku zako. Kama siku 5 kati ya 6 uko kwenye lami, unalipia chuma ambacho hukihitaji.

Mkonga pia unageuka kwa shida. Kabini moja inahitaji nusu kipenyo cha mita 7.2 hivi, wakati Hilux inatosheka na karibu mita moja pungufu. Mita hiyo utaitafuta kwenye mitaa ya Ngamiani ukiwa na mzigo, na kwenye kona kali za vijijini juu ya Soni.

Injini: iliyo kubwa siyo yenye nguvu

Wengi hawaamini mpaka wapande mlima. Injini ya 1HZ iliyomo kwenye mikonga mingi ya kazi ina lita 4.2 na silinda 6 bila tabo (turbo), na inatoa nyutonimita 285 za nguvu ya kuzungusha. Injini ya Hilux ya lita 2.8, 1GD, inatoa 420 hadi 500 kulingana na mwaka na gia boksi. Kutoka Mombo hadi Lushoto, zaidi ya kilomita 30 za kupanda kona kwa kona, Hilux itatangulia.

Faida ya 1HZ iko kwingine. Pampu yake ni ya kimakanika, haisubiri kompyuta, na fundi mzuri wa Korogwe au Handeni anaifungua kwa zana za kawaida. Inavumilia dizeli isiyo safi sana. 1GD inasukuma mafuta kwa mgandamizo mkubwa mno kupitia matundu madogo ya nozeli. Maji kidogo kwenye dizeli yanatosha kuziharibu zote nne. Mwenye Hilux asinunue mafuta ya madumu njiani, na afungue bomba la chini la chujio la dizeli kumwaga maji mara tu taa yake inapowaka.

Kwa upande mwingine, 1HZ ina mkanda wa taimingi unaotakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika, valvu zinagonga pistoni. 1GD ina cheni. Ukinunua mkonga uliotumika na muuzaji hana risiti ya mkanda, uhesabu kuwa haujabadilishwa.

Mafuta: Hilux ya dizeli kwa kazi ya kawaida inakula lita 8 hadi 10 kwa kilomita 100, mkonga wa 1HZ lita 12 hadi 14. Chukua tofauti ya lita 4. Ukitembea kilomita 25,000 kwa mwaka, ni lita 1,000 za ziada. Zidisha kwa bei kikomo ya EWURA ya Tanga ya mwezi huo, uone kama matengenezo utakayoepuka yanaifikia.

Kushuka ndiko kunakohitaji adabu. Ukitoka Lushoto na mboga, ingiza gia ya pili au ya tatu kabla ya mteremko, usingoje gari likimbie. Breki zikianza kunuka, simama mahali salama zipoe zenyewe, usizimwagie maji.

Zile kubwa za Marekani

Ford F-250, Ram 2500 na Silverado 2500HD ndizo pikapu nzito hasa kwa hesabu za Marekani: uzito wa jumla kwa kawaida tani 4 na zaidi, nati 8 kila gurudumu, injini kama Cummins ya lita 6.7, na uwezo wa kuvuta tela la zaidi ya tani 6. Hilux na Land Cruiser 79 zinaishia tani 3.5, tena tela likiwa na breki zake. Kama kazi yako ni kuvuta mashine nzito, kwao hilo ndilo gari sahihi. Hapa kwetu ni shida: usukani wao uko kushoto, upana unapita mita 2 bila vioo, spea ni za kuagiza, na injini zao za dizeli za miaka ya karibuni zimetengenezwa kwa dizeli ya salfa ya ppm 15 (sehemu 15 kwa milioni) na maji ya urea. Kiwango cha Afrika Mashariki ni ppm 50. Hatulipendekezi kwa kazi ya Tanga.

Ukienda kukagua lililotumika

Nenda asubuhi injini ikiwa baridi. Muuzaji akikupokea nayo imeshapashwa moto, rudi siku nyingine. Beba tochi na nyundo ndogo. Chumvi ya bahari haichagui gari, kwa hiyo gonga chesisi polepole kuanzia mashikio ya springi za nyuma kwenda mbele. Chuma kizima kinalia. Kilicholiwa kinatoa sauti butu, na rangi mpya nyeusi ya chini ni sababu ya kugonga zaidi. Matundu ya kutolea maji yakiwa yamezibwa na tope, ndani kumeoza.

Kwenye mkonga, geuza usukani hadi mwisho uangalie lile tufe la chuma nyuma ya gurudumu la mbele. Linatakiwa kuwa na utando mwembamba wa grisi. Ukikuta uji mweusi unadondoka, sili ya ndani imekufa na oili ya difu imeosha grisi ya jointi. Kazi hiyo ni kufungua kitovu chote. Kisha endesha kati ya kilomita 60 na 80 kwa saa: usukani ukitetemeka kwa nguvu baada ya shimo, beringi za kingipini, zile ambazo gurudumu hugeukia, zimelegea.

Kwenye Hilux, hesabu majani ya springi kila upande na uulize kwa nini yameongezwa. Angalia chesisi nyuma ya kabini, pande zote mbili, kama kuna mstari wa kutu au alama ya kuchomelea. Iliyochomelewa hapo iache, hata kwa bei nzuri. Mwisho soma tairi: namba 112 ubavuni ni kilo 1,120 kwa tairi moja, 121 ni kilo 1,450. Gari la mzigo lililovalishwa tairi za namba ndogo za gari la abiria litakupasulia tairi barabarani, kwa kawaida la nyuma, jua likiwa kali.

Likishakuwa lako, kila ukitoka Pangani au ufukwe wowote lioshe chini kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyohiyo, na ingiza foo wili kwa kilomita chache za njia ya vumbi kila mwezi ili oili ifike kwenye beringi za mbele. Kwenye lami kavu itoe, la sivyo gia zinajikaza na kuvunjana.